Fahamu: Mwangaza wenye kuona gazi juu ya chuma

Wote tunajua hatari ya kulala na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Gazi inayoua pale ni monoksidi ya kaboni, CO. Haina rangi, haina harufu. Gari pia inaitoa. Njo maana gari nyingi za kisasa ziko na kifaa kwenye bomba la moshi, chenye madini ya bei kali kama platini. CO inashika juu ya chuma, inakutana na oksijeni, inageuka CO2.

Shida ilikuwa wapi?

Kazi hiyo yote inafanyika kwenye uso wa chuma tu. Chini yake kuna chuma kingi, juu yake kuna gazi nyingi. Vyombo vya zamani vilitumia elektroni, na hizo hazisafiri vizuri ndani ya hewa. Wataalamu walilazimika kuondoa hewa yote, wakati gari haifanyi kazi hivyo.

Lazeri mbili, mwangaza wa tatu

Mwaka 1987, kundi la Y. R. Shen, kule Berkeley, Marekani, lilionyesha njia nyingine. Lazeri mbili zinapigwa pahali pamoja: moja ya kuonekana, nyingine ya infraruji, isiyoonekana kwa macho. Frekwensi zao zinajumlishwa, unatoka mwangaza wa tatu.

Ndani ya platini, atomu zimepangwa sawasawa pande zote, basi mwangaza huo unajifuta. Ndani ya gazi pia, kwa sababu molekuli zinaelekea kila upande. Ni pale usoni tu usawa huo unavunjika. Infraruji ikilingana na mtikisiko wa molekuli iliyoshika pale, mwangaza wa tatu unapanda. Kila molekuli iko na mtikisiko wake, na kwa huo inatambulika.

Waliona nini?

Miaka ya 1990, Shen na Gabor Somorjai, pia wa Berkeley, walichunguza CO juu ya platini ikiwa katikati ya gazi nyingi. Walipata kwamba CO iliyoshika kwa nguvu, moja moja juu ya atomu, siyo yenye kugeuka haraka. Ile iliyoshika kidogo njo iliyofanya kazi. Kwa watengenezaji, maana yake ni kwamba chuma kizuri siyo kile chenye kushika gazi sana, ni kile chenye kuiachilia pia.

Lakini mbabula haina platini. Makala yakiwaka, iache nje.