Kutoka moto wa lubunga mpaka filimbi: historia ya ulinzi wa usiku kwetu



Kila mwezi unapopotea angani, swali moja linarudi kwenye mikutano yetu: usiku huu nani atalinda? Wavuvi wa ndagala wanaingia ziwani wakati wa giza, juu samaki wanafuata mwanga wa taa kama hakuna mbalamwezi. Maana yake, usiku ule ule ambao wanaume wengi wako kwenye maji, nyumba zinabaki na mama, watoto na wazee. Mwizi anajua hiyo hesabu vizuri. Hahitaji kalenda, anatazama juu tu.

Juu ya ulinzi tunasikia maneno ya namna mbili. Wengine wanasema: «Hayo mambo ya kupiga zamu ni ya kambini, mmeyatoa Tanzania, hapa si kwao.» Wengine wanasema: «Kazi ya usalama ni ya polisi, raia alale.» Tumeona vema kuandika kidogo historia yenyewe, ili kila mtu apime. Ulinzi wa jirani kwa jirani haukuzaliwa kambini, na pia haujakatazwa na serikali. Lakini una hatari zake, na historia inazionyesha wazi.

Mbele ya vita

Wazee wa Fizi wanajua lubunga. Ni ile fasi ambayo wanaume wa kijiji cha Wabembe wanakutana, wanaota moto, wanakula pamoja, wanakata maneno ya kijiji. Watu wanaikumbuka kama nyumba ya mashauri, na ni kweli. Sisi tunaongeza jambo moja: mahali ambapo moto unawaka na watu wanaongea mpaka usiku, mwizi hapiti bure. Mgeni akiingia kijijini alipita kwanza pale, akasalimia, akasema ametoka wapi na anamtafuta nani. Hakuna aliyeita jambo hilo ulinzi. Lakini kijiji kilijua nani ameingia, nani ametoka.

Nguvu ya mpango ule haikuwa fimbo. Ilikuwa ni kujuana. Ndiyo kitu cha kwanza ambacho vita ilitunyang'anya. Vita ya 1996 na ile iliyoanza 1998 ziliwatoa watu vijijini kwa maelfu. Wengine walivuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na boti mpaka Kigoma, wengine walikimbilia milimani na porini. Moto wa lubunga ukizimika, na jirani akiwa hajulikani yuko wapi, nyumba haina mlinzi hata kama mlango una kufuli.

Kwa majirani zetu: sungusungu

Upande wa pili wa ziwa, Watanzania nao walikuwa na historia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Usukuma na Unyamwezi, upande wa Kahama, wanakijiji walichoka kuibiwa ng'ombe. Tanzania ilikuwa imetoka kwenye vita na Idi Amin, 1978 mpaka 1979, na silaha zilikuwa zimezagaa. Polisi walikuwa wachache na mbali. Basi watu wakajipanga wenyewe. Waliitwa sungusungu, jina la wale chungu weusi ambao mmoja akiguswa, wote wanatoka kuuma.

Walitumia upinde na mshale, filimbi na yowe. Yowe ikipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kinajibu, na watu wanakata njia mbele ya mwizi. Kila nyumba ilitoa mtu wake. Asiyetoka alitozwa faini. Mtu akikataa kabisa kufuata maamuzi, adhabu ilikuwa kutengwa: hakuna anayemsalimia, hakuna anayemuazima moto wala jembe. Wizi wa ng'ombe ulipungua, na sifa ya sungusungu ikasambaa mikoa mingine.

Ila kuna upande mwingine. Walinzi hao walianza kupiga watu ili wakubali makosa, na wazee wanawake walisumbuliwa na kufukuzwa kwa kusingiziwa uchawi. Silaha ya kufukuza mwizi iligeuka silaha ya kumaliza visasi. Serikali ilifikiri muda, halafu mwaka 1989 sheria ikawatambua sungusungu na kuwaingiza katika mpango wa mgambo. Miaka ya 1990 Augustine Mrema, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akahimiza ulinzi wa namna hiyo hata mijini. Tuweke akilini: kilichowapa nguvu wale wanakijiji ni umoja wao, na kilichowaharibia jina ni kujifanya hakimu.

Kambini

Nyarugusu ilifunguliwa mwisho wa 1996, Lugufu ikafuata mwaka 1997. Wengi wetu tulikaa pale miaka kumi na zaidi. Kambi ilikuwa na polisi wa Tanzania, lakini watu ni makumi ya maelfu, na nyumba ni za udongo na shitingi. Shitingi unaipasua kwa wembe bila kelele. Kwa hiyo wakimbizi walichagua walinzi wao, na jina la sungusungu likaingia kambini pamoja nao.

Kila kijiji cha kambi kilikuwa na mwenyekiti, na chini yake wenye zamu. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na fimbo, tochi kama mabetri yako, na filimbi. Tulijifunza haraka ni usiku gani wa kuogopa: ule wa baada ya mgawo wa chakula. Kila mtu alijua siku ya unga, maharage na mafuta, na mwizi alijua pia. Kwa hiyo zamu ziliongezwa siku hizo, na jamaa zenye mama peke yake au mzee peke yake zilipewa jirani wa kuwaangalia.

Aliyekamatwa alipelekwa kwa polisi. Maneno madogo, kama kuku au sufuria, wazee waliyakata. Siyo kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Kulikuwa na walinzi waliotaka kupewa kitu kidogo, na kulikuwa na vijana walioonja fimbo bila kosa. Ndiyo maana jina la sungusungu kwa wengine wetu ni faraja, kwa wengine ni uchungu. Yote mawili ni kweli, na tukiongea juu ya ulinzi leo lazima tuyaheshimu yote mawili.

Kurudi nyumbani

Mwezi wa kumi 2005, safari za kurudi kwa msaada wa UNHCR zilianza, meli ikitoka Kigoma na kufika Baraka. Aliyerudi alishuka na shitingi, mablanketi, ndoo, masufuria na sabuni. Kwa mtu aliyebaki hapa wakati wote wa vita, akalala bila blanketi, mzigo ule ulionekana utajiri. Kisha tulikuwa na kiswahili cha Tanzania, kilichotutambulisha kabla hatujataja jina. Nyumba ya aliyerudi ilijulikana karte nzima, na iliibiwa mapema.

Hapa tunapenda kusema neno kwa uangalifu. Wizi ule ulitaka kugawa watu: waliorudi upande huu, waliobaki upande ule, na kila upande unashuku mwingine. Zamu za usiku zikipangwa na waliorudi peke yao, jirani anasema: «Wamekuja na jeshi lao.» Ulinzi wenyewe unakuwa sababu ya chuki. Lakini wakikaa pamoja kwenye moto mmoja, aliyebaki anajua njia zote za vichochoro, na aliyerudi anajua kupanga zamu. Kila mmoja ana kitu mwenzake hana. Avenyu ambazo zimechanganya watu hivyo ndizo ambazo filimbi ikilia, kila mlango unafunguka.

Sheria ya inchi inasema nini

Wale wanaosema usalama ni kazi ya polisi wana haki. Sheria ya 11 Agosti 2011 imepanga kazi ya Polisi ya Taifa. Pia likakuja wazo la polisi wa karibu na raia, lililojaribiwa kwanza katika miji kama Bukavu, Matadi na Kananga. Mwaka 2013 serikali iliunda mabaraza ya usalama wa karibu, ambayo yanakalisha kwenye meza moja viongozi wa serikali, polisi na raia, ili waseme pamoja ni hatari gani ziko na nani afanye nini. Kwa hiyo raia ana kiti. Hakatazwi kuona, kusikia, kuita na kusema.

Anachokatazwa ni kuhukumu. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 16, inasema uhai wa mtu na mwili wake ni wa kulindwa. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa hawezi kuwekwa kizuizini na polisi kupita saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Kama polisi hawezi kupita saa 48, walinzi wa avenyu watatoa wapi ruhusa ya kumfunga mtu hata saa mbili?

Tunajua jibu ambalo watu wanalitoa: «Tukimpeleka, kesho anaachiliwa, anakuja kutucheka.» Uchungu huo unaeleweka. Lakini tufikiri juu ya wavuvi wetu. Kijana anatoka ziwani saa kumi ya usiku, amelowa, ana taa na mfuko begani, anapita kichochoroni haraka juu ya baridi. Watu wakiwa wamekasirika, yule ni mwizi. Mawe hayaulizi jina. Katika miji ya Kivu tumesikia mara nyingi watu waliouawa na kundi, na asubuhi watu wanaulizana alikuwa nani. Kama ulinzi wetu hauwezi kumwokoa mshukiwa asipigwe, basi siku moja hautamwokoa mtoto wetu.

Tunachotoa katika historia hii

Kwanza, kujuana. Kila zamu ianze kwa kujua nyumba: nani yuko ziwani, nani amesafiri, nani amepokea mgeni, nani ni mgonjwa. Wavuvi watuambie kabla ya kuingia na njia wanayorudia. Zamu nzito ziwekwe wakati wa giza, nyepesi wakati wa mbalamwezi.

Pili, mama wawe ndani ya mpango. Wao ndio wako nyumbani usiku ule. Mama hahitaji kuzunguka inje saa nane. Filimbi mkononi, au sufuria na mwiko, inatosha kuamsha avenyu. Ila alama ziwe zinajulikana: mlio gani ni wa mwizi, upi ni wa moto, upi ni wa mgonjwa.

Tatu, pasipo bunduki na pasipo kupiga. Aliyekamatwa anapelekwa kwa polisi na watu wasiopungua watatu, shefu wa avenyu anajulishwa, na jina linaandikwa kwenye kitabu pamoja na saa. Kitabu hicho kinamlinda mshukiwa, na kinawalinda walinzi pia.

Nne, tupunguze kinachomvuta mwizi. Kasha la mutueli linafungwa na makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hiyo ni kanuni ya zamani na ni nzuri. Lakini kasha lenyewe likijulikana linalala wapi, makufuli matatu hayamzuii anayelibeba zima. Siku ya kugawana pesa isitangazwe barabarani. Aliyetumiwa pesa kwa simu asiisomee mbele ya duka. Mlango uwe na komeo la ndani, na dirisha la nyuma, ambalo mwizi analipenda, lizibwe kwa mbao kabla ya kununua redio.

Tano, aliyeibiwa asiachwe. Kasha nyekundu ya mshikamano ipo kwa ajili ya shida ya ghafla, na kuvunjiwa nyumba ni shida ya ghafla. Mtu aliyesaidiwa na majirani hatafuti kulipiza kisasi usiku unaofuata.

Juu ya malipo, tunaomba wanamemba wapime kwa utulivu. Kuna wanaotaka walinzi walipwe kila mwezi. Historia inaonyesha kwamba mlinzi wa kulipwa anabaki kama pesa iko, na pesa ikikatika anaondoka, au anabaki na njaa akiwa anajua milango yote. Zamu ya kila nyumba ni ngumu, lakini haikatiki na mradi. Kwa ndugu wafadhili tunasema wazi: hatuombi mishahara. Filimbi, tochi, makoti ya mvua, makomeo kwa nyumba za wajane, na mafundisho ya sheria pamoja na polisi, hivyo vitabaki hata nyinyi mkiondoka.

Mkutano mkuu unaokuja utapiga kura juu ya mambo haya matano. Kila avenyu ilete majina ya nyumba zake, waliorudi na waliobaki kwenye karatasi moja, bila mstari wa kuwatenganisha. Mwizi anapochagua mlango haulizi nani alikuwa Lugufu na nani alikuwa porini. Na sisi tusiulize tunaposikia filimbi.