Kingamchanga, si "Nyasi Dhibiti Matuta"

Kuna kamati iliyoona yafaa nyasi ziotazo juu ya vilima vya mchanga wa ufukweni ziitwe "nyasi dhibiti matuta". Istilahi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, tuta ni la viazi na mihogo, na siku hizi la barabarani. Pale Shela, Lamu, ni vilima. Pili, hudhibitiwa kitu kilichokwisha kuwapo, ilhali nyasi hizi ndizo zinazokijenga kilima. Upepo ukipita majanini mwake hupungua nguvu na kuuangusha mchanga. Shina likifukiwa huchipua juu zaidi. Ammophila arenaria ya Ulaya huvumilia kufukiwa hata mita 1 kwa mwaka.

Mwanaistilahi mwingine amependekeza "kipendamchanga", kwa kuwa Ammophila latokana na Kigiriki: ammos ni mchanga, philos ni mpenda. Tafsiri ni sahihi, jina ni dhaifu. Waskandinavia wa kale walisema marálmr, mabua ya bahari. Halopyrum, jenasi ya nyasi zetu za Lamu na Mambrui, imeunganisha chumvi na ngano. Majina haya yote yanataja makao au sura; hakuna linalotaja kazi.

Kazi hiyo Kiswahili kinayo ndani ya kitenzi kimoja: kukinga. Tunakinga maji ya mvua kwa mtungi. Tunakinga mshale kwa ngao. Kitenzi kile kile hupokea na huzuia. Nyasi hizi hukinga mchanga uletwao na upepo, papo hapo zikayakinga makazi yaliyo nyuma ya kilima. Kwa hiyo niliunda kingamchanga, kwa muundo uleule wa kingamwili. Pendekezo nililiwasilisha kwa maandishi, halikujibiwa. Baadaye nikasikia kwamba eti litawachanganya watu wa tiba. Daktari anayejua kinga ya mwili hatashindwa kuijua ya mchanga.

Ngeli ni I-/ZI-: kingamchanga hii, kingamchanga hizi.

Mwaka 1695, baada ya mchanga kuyafukia mashamba ya Culbin, Bunge la Uskoti lilipiga marufuku kung'oa nyasi za vilima vya mchanga. Vilima vya Shela vimehifadhi maji ya kunywa ya mji wa Lamu. Katazo kama lile likiandikwa kwa Kiswahili, litahitaji jina ambalo mchunga punda atalielewa mara moja. "Nyasi dhibiti matuta" haliwezi kazi hiyo. Kingamchanga laiweza, nami nitaendelea kuliandika.