Fiksa na Majaribio Yake katika Historia ya Chumba cha Giza

Mwaka 1802, Thomas Wedgwood na Humphry Davy walichapisha nchini Uingereza maelezo ya picha walizozipata kwa kupaka nitrati ya fedha, kemikali inayokuwa nyeusi ikipigwa na mwanga, juu ya karatasi na ngozi. Kwa kuwa hawakuwa na dawa ya kuiondoa kemikali iliyosalia, picha hizo zilitazamwa gizani kwa mshumaa, maana mchana ungezimeza zote. Miaka ya 1830 William Henry Fox Talbot alitumia maji ya chumvi kali, ambayo huipunguzia karatasi wepesi wa kuathiriwa na mwanga lakini huiacha fedha ilipo.

Dawa yenyewe ilikuwa imekwisha kupatikana. John Herschel, mwanafalaki aliyekuwa pia mkemia hodari, alibaini mwaka 1819 kwamba thiosulfati ya sodiamu, iliyoitwa wakati huo haiposulfaiti na baadaye haipo, huyeyusha chumvi za fedha zisizoyeyuka majini. Lakini ugunduzi huo ulikaa miaka 20 bila kutumiwa kwenye picha, hadi Januari 1839, Herschel aliposikia habari za njia ya kupiga picha ya Mfaransa Daguerre, akaijaribu dawa hiyo kwenye picha na baada ya siku chache akamweleza Talbot.

Tangu hapo mafundi walichagua fiksa, yaani dawa ya kuikaza picha, kwa kutazama kasi yake zaidi, na uchaguzi huo haukuwa wa busara kila mara. Baada ya Frederick Scott Archer kutangaza sahani za kolodiani mwaka 1851, wengi walipenda sianidi ya potasiamu, sumu ya kuua, kwa sababu ilifanya kazi upesi na kuoshwa kwa urahisi. Picha za karatasi nazo zilianza kufifia, hata mwaka 1855 chama cha wapiga picha cha London kikaunda kamati ya kuchunguza jambo hilo, Prince Albert akiichangia fedha. Nayo ikaona kwamba kisababishi kikuu kilikuwa haipo iliyobaki kwa uoshaji hafifu.

Ubaya wa fiksa iliyochoka ni kwamba haujionyeshi siku ya kazi. Filamu ikitumbukizwa, utando wake huwa mweupe kama maziwa, kisha hung'aa. Lakini misombo ya fedha isiyoyeyuka vizuri huweza kubaki ndani, na baada ya miaka huvunjika ikaacha madoa ya kahawia. Ndiyo maana kipande cha mwanzo wa filamu hutiwa kwanza katika fiksa mpya na muda wa kung'aa kupimwa: kikichukua dakika 1, filamu hukaa angalau dakika 2, na dawa humwagwa pindi kipande kama hicho kinapohitaji dakika 2 ili king'ae. Baada ya kuosha, tone la salfaidi ya sodiamu kwenye sehemu isiyo na picha hufichua fedha iliyobaki kwa doa la manjano au kahawia.

Karne ya 20 ilileta thiosulfati ya amonia, inayofanya kazi upesi zaidi, na pia ugunduzi, wa kupendeza kwa wakazi wa pwani, kwamba maji ya bahari huitoa haipo upesi kuliko maji baridi, mradi filamu isuuzwe mwishoni kwa maji yasiyo na chumvi. Filamu za chembe bapa zilizoenea miaka ya 1980 hung'aa polepole na huichosha fiksa mapema, kwa hiyo muda uliopimwa kwa filamu ya kawaida hauzifai hadi kipande cha filamu yenyewe kijaribiwe.