Picha 5 Za Mabinti Wawili Zilizomuingiza Chaka Mtunzi Wa Sherlock Holmes

Unaambiwa kabla ya Photoshop kuna mabinti walishafanya yao! Ni Julai 1917, kijiji cha Cottingley, Uingereza. Binti wa miaka 16 na binamu yake wa miaka 9, mgeni kutoka Afrika Kusini, kila wakitoka kijitoni wamelowa, wanagombezwa. Mdogo akajitetea: tunaenda kuona vibwengo wenye mabawa.

Wakubwa wakacheka. Basi yule dada, fundi wa kuchora na alishafanya kazi studio, akachora vibwengo kwenye karatasi, akavikata, wakavisimamisha kwenye majani kwa pini za kofia. Kamera wakaazima kwa baba. Mdogo akakaa nyuma yao, picha ikapigwa. Baba aliposafisha akastuka, ila hakuamini. Baada ya picha ya pili akawanyima kamera.

Mchezo ungeishia hapo, lakini 1919 mama akazitaja kwenye mkutano wa wapenda mambo ya roho, na 1920 zikatua kwa Arthur Conan Doyle. Mtunzi wa mpelelezi asiyedanganyika akaamini, akazitoa kwenye jarida! Kabla hazijatoka, mabinti walishapewa kamera, wakaongeza 3.

Sasa unamwambiaje mzee maarufu hivyo, aliyefiwa na mwanae 1918, kwamba ni makaratasi? Aibu ikawafunga midomo hadi 1983, bibi vizee tayari. Dada akakiri zote feki. Mdogo akagoma: ya tano ni ya kweli. Hakubadilika mpaka anafariki 1986.