Cheti cha hisa cha kampuni iliyovunjwa: kumbukumbu au mali?

CHETI cha hisa ni hati inayothibitisha kwamba aliyetajwa ndani yake anamiliki sehemu ya kampuni fulani. Huwa na nambari, idadi ya hisa, sahihi za wakuu na mhuri. Kampuni inapovunjwa, hati hiyo kwa kawaida hupoteza thamani yake ya kifedha, na hapo ndipo wakusanyaji huanza kuisaka.

Barani Ulaya uraibu huu ulishamiri katika miaka ya 1970. Miongoni mwa vyeti vinavyotafutwa ni vya viwanda vya Ujerumani vya enzi ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mathalani IG Farben, kampuni ya kemikali iliyoundwa 1925 na kusambaratishwa na mataifa washirika baada ya vita. Anayenunua cheti hicho leo hanunui hisa, bali karatasi, nakshi na historia.

Nakuru, mambo si mepesi hivyo. Vyeti vingi vya kale vinavyohifadhiwa masandukuni huko havikutoka viwandani bali kwa kampuni za kununua mashamba, kama vile Ngwataniro Mutukanio na Ndeffo, ambazo baada ya uhuru wa 1963 zilikusanya michango ya wanachama na kununua mashamba makubwa ya walowezi. Mwanachama alipewa cheti, kisha kura ikaamua kipande chake. Katika miaka ya 1980, serikali iliagiza kampuni za aina hiyo zivunjwe na wanachama wapewe hatimiliki. Wengi walizipata, wengine, au warithi wao, wangali wanadai. Kwao, cheti kilichofifia pamoja na kadi ya kura na risiti za malipo ni ushahidi. Si ushahidi kamili, lakini mara nyingi hawana mwingine. Na wapo waliopoteza hata huo walipofurushwa makwao katika ghasia za 1992 na za 2007 na 2008.

Kwa hivyo, kabla ya kuuza au kununua karatasi hiyo, ni busara kuuliza kwa msajili wa kampuni na kupekua Gazeti Rasmi la Serikali, ambamo hutangazwa majina ya kampuni zilizofutwa. Kukabidhiana cheti mkono kwa mkono hakuhamishi hisa. Jina lililo kwenye daftari la wanachama ndilo hutambuliwa.

Hati yenyewe ihifadhiwe mahali pakavu, ndani ya bahasha. Mazoea ya kuifunika kwa plastiki ya moto huiharibu, kwani haiwezi kubanduliwa tena ili sahihi na mhuri vichunguzwe.