Glasgow, Tokyo na mwanafunzi aliyekwenda na kazi mkononi

Vyuo vikuu vinavyopeleka wanafunzi wa uhandisi kwenye viwanda vya ng'ambo hupenda kuhesabu waliokwenda. Historia ya Japani inatupa kipimo kigumu zaidi: aliyekwenda aliacha kazi gani kwao? Mwaka 1863, wakati Mjapani aliyetoka nchini bila ruhusa alistahili kifo, vijana watano wa Choshu walitoroshwa kwa meli hadi Uingereza. Mmoja wao, Yamao Yozo, alifika Glasgow, akawa anashinda katika kiwanda cha kuunda meli cha Napier na jioni anaingia darasani Anderson's College. Aliporudi mwaka 1868 hakushikilia kwamba vijana wengine wafuate tu njia yake. Alidai chuo cha wahandisi kijengwe nyumbani.

Chuo hicho kilifunguliwa Tokyo mwaka 1873, kikiongozwa na Mskoti Henry Dyer, kijana wa miaka 25 ambaye naye alikuwa amepitia uanagenzi karakanani na madarasa ya jioni ya Anderson's. Waingereza wa enzi hiyo waliamini kwamba uhandisi hufunzwa karakanani. Wafaransa waliutafuta zaidi kwenye hisabati. Dyer alivifunga pamoja katika miaka sita: miwili ya msingi, miwili ya fani, na miwili ya mwisho kazini, kwenye reli, migodi, minara ya taa na karakana za serikali. Ni baada ya hapo tu ndipo wahitimu bora walipelekwa Uingereza. Katika kundi la kwanza, la mwaka 1879, walikuwa 11. Mpangilio huo ndio siri ya mafanikio yao. Watanabe Kaichi, mhitimu wa 1883, alisoma Glasgow kisha akafanya kazi kwenye ujenzi wa daraja la Forth. Katika picha maarufu iliyoeleza jinsi daraja hilo linavyobeba uzito, yeye ndiye aliyeketi katikati, akining'inizwa na wenzake wawili walionyoosha mikono.

Yapo mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza ni kwamba Yamao mwenyewe alifaulu bila maandalizi yoyote ya chuo. Ni kweli, ila ujuzi wake wa meli ungebaki wa mtu mmoja, na hatua aliyochukua aliporudi inaonyesha kwamba yeye mwenyewe aliliona hilo. La pili ni zito zaidi, na nchi nyingi bado zinalitaja: pasipo viwanda, mwanafunzi atafanyia wapi mazoezi, na akirudi atapokewa na nani? Yamao aliulizwa swali hilohilo na wenzake serikalini. Jibu lake lilikuwa kwamba watu wakishafunzwa, viwanda watavianzisha wao. Nakubali kwamba serikali ya Japani ilikuwa na fedha za kuwalipa walimu wageni mishahara minono. Lakini fedha peke yake haielezi yaliyotokea Kyoto.

Tanabe Sakuro, akiwa bado mwanafunzi wa chuo hicho cha Dyer, alikwenda huko kupima njia ya mfereji wa kuleta maji kutoka Ziwa Biwa. Alikuwa ameumia mkono wa kulia, hivyo michoro ya tasnifu yake aliichora kwa mkono wa kushoto. Alihitimu mwaka 1883, na gavana wa Kyoto akamkabidhi mradi wenyewe, kijana wa miaka 21. Mwaka 1888, ujenzi ukiendelea, alisafiri kwenda Marekani kuchunguza matumizi ya nguvu ya maji. Huko Aspen, Colorado, aliona maji yakizalisha umeme. Wengi wangelitazama jambo hilo kama ajabu ya ugenini. Yeye alikuwa na mfereji ambao haujakamilika na mpango wa magurudumu ya maji ambao bado ungeweza kufutwa. Akaufuta. Mfereji ulikamilika mwaka 1890, kituo cha umeme cha Keage kikaanza kazi mwaka uliofuata, na mwaka 1895 umeme wake ukaendesha tramu za kwanza za umeme kubeba abiria mjini Japani, katika mitaa ya Kyoto.