Kumpima mhubiri kwa Maandiko si uasi bali ni wajibu wa muumini

MIILI zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, tangu shughuli hiyo ilipoanza Aprili 2023. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa wengi wa marehemu walikufa kwa njaa, wakiwemo watoto. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwashawishi wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, alifikishwa mahakamani mwaka wa 2024 kwa mashtaka yakiwemo ya mauaji, akayakanusha. Mwaka wa 2025 miili mingine ilifukuliwa eneo la Kwa Binzaro katika kaunti iyo hiyo.

Baada ya maafa ya Shakahola, serikali iliunda jopo chini ya Kasisi Mutava Musyimi ili kupendekeza namna ya kusimamia mashirika ya kidini. Hata hivyo, sheria ina mipaka yake. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinalinda uhuru wa kuabudu, na hakuna afisa awezaye kuketi katika kila kanisa kusikiliza kila unabii. Mtu aliyepo pale neno linapotamkwa ni muumini. Naye, kwa mujibu wa Biblia yenyewe, hakuitwa kusikiliza na kuitikia amina tu, bali pia kupima.

Nani aliyepewa kazi ya kupima?

Waumini wengi hudhani kuwa kumhoji mtumishi wa Mungu ni dhambi. Maandiko yanasema kinyume. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike 5:20-21, Paulo anawataka waumini wasiudharau unabii, lakini papo hapo anawaagiza wayapime mambo yote na kulishika lililo jema. Waraka wa Kwanza wa Yohana 4:1 unaonya kwamba si kila roho ya kuaminiwa, kwa kuwa manabii wa uongo ni wengi duniani. Katika 1 Wakorintho 14:29, manabii wakinena ibadani, wengine wanatakiwa kuyapambanua maneno yao. Nyaraka za Paulo zilisomwa mbele ya makanisa mazima. Agizo hilo basi si la maaskofu peke yao.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa watu wa Beroya katika Matendo ya Mitume 17:11. Walipohubiriwa, waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Aliyekuwa akipimwa hapo ni Paulo mwenyewe, na badala ya kulaumiwa, Waberoya wanasifiwa kuwa waungwana. Ikiwa mtume alikubali kupimwa, mhubiri wa leo atakataa kwa hoja gani?

Wapo wanaojikinga kwa Zaburi 105:15, inayokataza kuwagusa wapakwa mafuta wa Bwana. Lakini anayesoma Zaburi hiyo tangu mstari wa 9 ataona kwamba inawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache katika nchi za watu, na walioonywa ni wafalme wasiwadhuru. Haisemi lolote kuhusu kuulizwa maswali. Mfalme Daudi alikuwa mpakwa mafuta, na bado nabii Nathani alimkemea ana kwa ana kwa dhambi yake, kama tusomavyo katika 2 Samweli 12.

Kipimo cha kutimia

Kumbukumbu la Torati 18:20-22 inaeleza kipimo cha kwanza: nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lake lisitimie, basi neno hilo halikutoka kwa Bwana, na watu hawana sababu ya kumwogopa.

Kisa cha Hanania katika Yeremia 28 kinaonyesha kipimo hicho kikitumika. Hanania alitangaza hekaluni kuwa katika muda wa miaka 2 vyombo vilivyochukuliwa na mfalme wa Babeli vingerudishwa Yerusalemu pamoja na mateka. Yeremia, aliyekuwa amevaa nira shingoni kuashiria utumwa, alitamani iwe hivyo, lakini akakumbusha kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake litimiapo. Hanania aliivunja ile nira mbele ya umati, na Yeremia akaenda zake. Baadaye Yeremia alirudi na neno la kumkanusha, na Hanania akafa mwaka uo huo. Uhamisho haukuisha kwa miaka 2. Watu walikuwa wamempenda nabii aliyewaambia walichotaka kusikia.

Kuna jambo moja la kuzingatia hapa. Yona alitangaza kuwa Ninawi ungeangamizwa baada ya siku 40, na haukuangamizwa kwa sababu watu wake walitubu. Yeremia 18:7-10 inaeleza kuwa onyo la Mungu linaweza kuondolewa kwa toba. Hata hivyo, huo si mlango wa kutokea kwa kila unabii ulioanguka. Anayetabiri kwamba mtu fulani atapata kazi au mume kabla ya mwezi kuisha, kisha akamlaumu mtu huyo kwa kukosa imani, hana kimbilio kwa Yona.

Ishara pekee haitoshi

Kipimo cha pili husahauliwa na wengi. Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inasema kuwa nabii aweza kutoa ishara na ikatukia kweli, lakini akiwavuta watu waifuate miungu mingine, wasimsikilize. Kwa hiyo muujiza si hati ya uhalali. Paulo anakwenda mbali zaidi katika Wagalatia 1:8: hata yeye mwenyewe, au malaika wa mbinguni, akihubiri injili tofauti, na alaaniwe.

Papo hapo kuna mtego, kwa maana manabii wa uongo nao hushika Biblia mkononi. Katika Mathayo 4:6, Ibilisi alimjaribu Yesu kwa maneno ya Zaburi ya 91, na Yesu akamjibu kwa andiko jingine. Mstari mmoja uliong'olewa mahali pake bado haujawa mamlaka ya Maandiko. Chukua suala la kufunga. Yesu alifunga siku 40, kisha akaona njaa na baadaye akahudumiwa. Isaya 58 inaeleza mfungo umpendezao Mungu kuwa ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula. Nayo 1 Timotheo 4:1-3 inaonya dhidi ya wanaokataza ndoa na vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani. Anayeyasoma yote haya pamoja hawezi kukubali kwamba mtoto anyimwe chakula kwa jina la Mungu.

Matunda na fedha

Kipimo cha tatu ni mwenendo. Mathayo 7:15-20 inafundisha kuwa mti hujulikana kwa matunda yake. Nabii Mika, katika sura ya 3, aliwashutumu manabii waliotangaza amani kwa wenye kuwalisha na vita kwa wasiowapa kitu.

Linganisha na Agabo katika Matendo 11:27-30. Alitabiri njaa kuu, nayo ikaja wakati wa Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia walichanga kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na mchango ukapelekwa kwa ndugu wa Uyahudi walioihitaji, kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Haisemwi popote kuwa Agabo alipokea chochote. Leo, msikilizaji anapoombwa kupanda mbegu kwa M-Pesa kabla ya kuambiwa neno lake, ana haki ya kumkumbuka Agabo.

Kanisa la kwanza lilikuwa na tahadhari iyo hiyo. Didake, kitabu cha maagizo ya Wakristo wa zamani ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, kinasema kuwa mjumbe anayezunguka akikaa siku 3 au akiomba pesa ni nabii wa uongo. Kitabu hicho si sehemu ya Biblia, lakini kinaonyesha kuwa tatizo hili ni la kale.

Tarehe za mwisho wa dunia

Mathayo 24:36 inasema hakuna aijuaye siku wala saa ila Baba peke yake. Waliopuuza andiko hilo wameacha majonzi. Huko Kanungu, Uganda, kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilitarajia dunia iishe mwaka wa 1999 ukimalizika. Siku ilipita. Machi 17, 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jumba lao la ibada, na baadaye makaburi mengine yakagunduliwa. Nchini Marekani, mhubiri wa redio Harold Camping alitangaza Mei 21, 2011 kuwa siku ya hukumu, kisha akaisogeza hadi Oktoba 21. Mwaka wa 2012 alikiri kuwa kutabiri huko kulikuwa dhambi. Waliotumia akiba zao kuutangaza ujumbe huo hawakurejeshewa kwa kukiri kwake.

Maswali ya kujiuliza

Makanisa hayakubaliani kama karama ya unabii ingali inaendelea. Wapentekoste husema ipo, baadhi ya Waprotestanti husema ilikoma na mitume. Lakini pande zote mbili hukiri kuwa hakuna unabii ulio juu ya Maandiko. Hivyo muumini yeyote aweza kuuliza: Je, andiko lililotajwa nimelisoma mwenyewe, pamoja na sura nzima? Je, maneno yake ya awali yalitimia? Anayefaidika ni nani? Je, ninaruhusiwa kushauriana na jamaa, daktari au mchungaji mwingine, ama ninaambiwa nijitenge nao?

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu asiye na wa kumuuliza hawezi kupima chochote. Mhubiri wa kweli hapotezi kitu akichunguzwa, kama Paulo asivyopoteza kitu kule Beroya. Anayekataza uchunguzi ameshatoa jibu.